Usininunulie ile dinari: barua ya wazi kwa mtoto wa kaka yangu

Mwanangu,

Picha uliyonitumia nimeipata: dinari ya Kirumi inauzwa mtandaoni, nawe waniuliza kama ukininunulia nitafurahi. Nimefurahi tayari, kwa kuwa umekumbuka anachokipenda shangazi yako. Ila jibu langu ni hapana, na sababu zake haziwezi kuenea kwenye ujumbe wa simu.

Dinari unaijua tangu utotoni. Ni ile ya kodi katika Injili, Yesu alipouliza sanamu iliyo juu yake ni ya nani. Sisi kwa Kiswahili tukisema fedha tunamaanisha pesa, na tunamaanisha pia yale madini meupe. Mrumi wa enzi za Augustus, Kaisari wa kwanza wa Roma, angetuelewa bila mkalimani. Dinari yake ilikuwa na gramu 3.9 hivi, karibu zote fedha tupu, na askari wa miguu alilipwa dinari 225 kwa mwaka.

Mwaka 64 baada ya Kristo, Kaisari Nero aliipunguza uzito na kuongeza shaba ndani yake. Waliomfuata nao wakamega. Chini ya Septimius Severus fedha ilibaki kama nusu tu. Mwaka 215 mwanawe Caracalla akatoa sarafu mpya, inayodhaniwa ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ilhali uzito wake ulikuwa wa dinari moja na nusu. Kufikia mwaka 270 sarafu hiyo ilikuwa shaba iliyovishwa utando mwembamba wa fedha, na utando wenyewe ulibanduka kwa kupita mikononi mwa watu. Fedha ikawa imeishiwa fedha.

Na hapo ndipo sarafu hizi zinaponishika moyo. Gallienus, aliyetawala wakati huo wa shida, alichapa sarafu zenye maneno ya kusifu uaminifu wa majeshi, huku majenerali wake wakimwasi mmoja baada ya mwingine. Maandishi yalisema alichotaka Kaisari kiaminiwe. Madini yalisema hazina yake ilivyokuwa. Ukiipima sarafu moja unasikia sauti zote mbili, na sijui chanzo kingine cha historia kinachofanya hivyo ndani ya kitu cha kutosha kufumbatwa kiganjani.

Sasa nikueleze habari za Domitianus, maana ndizo zinazonifanya nikukataze. Simaanishi yule Kaisari maarufu wa karne ya kwanza. Huyu alijitangaza kuwa Kaisari huko Gaul, yaani eneo la Ufaransa ya leo, mnamo mwaka 271, akaondolewa upesi mno. Vitabu vya kale vinataja jina hilo kwa kupita tu, tena kama jenerali au mwasi. Mwaka 1900 ilipatikana Ufaransa sarafu yenye kichwa chake na cheo cha Kaisari. Wengi waliishuku kuwa ni ya bandia, ikawekwa kando.

Ikapita karne nzima. Mwaka 2003, huko Chalgrove karibu na Oxford, Uingereza, mtu mwenye kifaa cha kutafutia vyuma alifukua chungu chenye sarafu karibu 5,000 zilizogandamana. Katika kuzitenganisha na kuzisafisha, akatokea Domitianus wa pili. Zamani zile sarafu ilifuliwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili ya chuma, na kila muhuri ulichongwa kwa mkono, hivyo alama zake hazifanani kabisa na za mwingine. Hizi mbili zilitoka kwenye mihuri ileile. Ile ya Ufaransa ilikuwa ya kweli muda wote huo, na mtu aliyekuwa jina tu akarudi kwenye orodha ya waliojiita Kaisari.

Fikiria kama yule mtu wa Chalgrove angeziuza mojamoja kimyakimya. Sarafu ya Domitianus ingefika sokoni peke yake, haina chungu wala wenzake, nasi tungeishuku tena.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya bei, muulize muuzaji ilifukuliwa wapi, lini, na ilikuwa pamoja na nini. Kwenye tangazo ulilonitumia sikuona hata moja kati ya hayo. Hiyo pesa ifanye nauli. Njoo Desemba, nitakuonyesha picha za zile mbili zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu, ulinganishe mwenyewe ndevu zake na miale ya taji lake.

Shangazi yako