Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Neno "Wameuza"

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka kila mwisho wa mwaka nisimame mbele yenu nieleze chama chetu cha wapenzi wa hevi metali kimetoka wapi na kimefika wapi. Ya kawaida nitayapita haraka. Vikao vyote vimefanyika na akidi haikukosekana hata mara moja. Hesabu za fedha atazisoma mhazini mwenyewe. Nimezipitia na nimeridhika nazo. Maktaba ya santuri na kanda imepangwa upya, na namshukuru katibu aliyekaa siku nyingi akifuta vumbi jalada moja baada ya jingine. Spika ya kushoto iliyokuwa ikikoroma imetengenezwa.

Jambo lililotuchukua mwaka mzima ni neno moja: "wameuza," yaani bendi imeusaliti muziki wake ili ipate pesa na umaarufu.

Katika kikao cha tatu ililetwa hoja kwa maandishi, imetiwa saini na wanachama saba, kwamba rekodi zote za Metallica, bendi ya Marekani, za baada ya 1988 ziondolewe kwenye maktaba yetu. Sababu iliyotolewa ni kwamba bendi hiyo iliuza mechi, na chama cha wapenzi wa hevi metali hakiwezi kutunza mali ya waliouza. Walioleta hoja ni watu ninaowaheshimu. Wawili kati yao ndio walionifundisha kusikiliza muziki huu, nikiwa sijui hata kutofautisha gitaa la rifu, kile kipande kifupi kinachorudiwarudiwa, na gitaa la solo.

Kikao kilichafuka. Mwanachama mpya, ambaye hajatimiza hata mwaka nasi, aliomba nafasi akasema kwamba yeye aliingia kwenye metali kupitia albamu ya 1991, ile yenye jalada jeusi, na bila hiyo asingekuwa amekaa pale. Mtu akamjibu kutoka nyuma: "Basi bado hujaingia." Ukumbi ukaangua kicheko. Yule mwanachama akakaa, akakusanya vitu vyake taratibu, akatoka kabla kikao hakijafungwa. Nilikuwa kwenye kiti na sikusema neno. Nilipaswa kumkemea aliyesema, nikanyamaza. Nimekwisha kumwomba radhi ana kwa ana. Leo naomba radhi mbele yenu pia, maana kosa lilitendeka mbele yenu.

Kamati ilipokutana baada ya hapo, wapo waliotaka hoja ipigiwe kura mara moja ili yaishe. Nilikataa, na bado naamini nilifanya vyema. Kura ingetupa washindi na walioshindwa, lakini isingetuambia chochote kuhusu muziki wenyewe. Tukatenga jioni tano, albamu moja kila jioni, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila mtu kufungua mdomo hadi sindano inyanyuke: Kill 'Em All ya 1983, Ride the Lightning ya 1984, Master of Puppets ya 1986, ...And Justice for All ya 1988, kisha hiyo ya 1991 yenye ugomvi. Hizo ndizo jioni bora zaidi tangu nijiunge na chama hiki.

Jioni ya pili ilitufungua macho. Ilipofika zamu ya "Fade to Black", wimbo unaoanza na gitaa kavu, lisilo la umeme, na kwenda taratibu kabla ya kulipuka, mmoja wa wakongwe alitukumbusha jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui au tumelisahau. Shutuma za kuuza zilianza hapohapo, mwaka 1984, miaka saba kabla ya albamu nyeusi. Mashabiki waliozoea kasi ya albamu ya kwanza walisikia lile gitaa kavu wakasema basi, wamekwisha, wanatafuta redio. Leo wimbo huohuo umetajwa ndani ya hoja ya wanachama saba kama kielelezo cha enzi za kweli.

Ikaja 1989. Bendi ilikuwa imekaa miaka mingi bila kutengeneza video hata moja, na mashabiki walijivunia hilo kama alama ya uaminifu. Kisha ikatoka video ya "One", wimbo wa zaidi ya dakika 7 kuhusu askari aliyepoteza viungo vyake, macho na masikio, akabaki amefungiwa ndani ya mwili wake. Wapo waliosema siku hiyo ndiyo bendi ilikufa. Nikiyaweka haya pamoja, naona kila rika la mashabiki limeiwekea bendi tarehe ya kifo, na mara nyingi tarehe hiyo huja muda mfupi tu baada ya rika hilo kuingia. Siwabezi. Nami nilikuwa na tarehe yangu, nikaishikilia kwa miaka.

Jioni ya nne, mwanachama wetu anayepiga besi alivuta kiti hadi karibu na spika. Mnakumbuka kwamba Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, alifariki Septemba 1986 huko Uswidi, basi la bendi lilipopinduka, na nafasi yake ikachukuliwa na Jason Newsted. Katika albamu ya 1988 besi ya Newsted imezimwa karibu kabisa. Nilimtazama mwenzetu akiinamisha kichwa, vidole vyake vikitembea juu ya goti kufuata rifu, kisha vikisimama. Sindano iliponyanyuka akasema, "Natafuta mwenzangu humu ndani simpati." Hakuna aliyemjibu. Hiyo ndiyo albamu ambayo hoja inaiita ya mwisho iliyo safi.

Jioni ya tano besi ilirudi. Kwenye "Sad but True", ambako magitaa yamelegezwa sauti nzima kwenda chini, sakafu ilitetemeka na mwenzetu yule akafumba macho.

Sasa niseme yaliyo kweli katika malalamiko ya wanachama saba, kwa sababu sitaki taarifa hii iwe ya upande mmoja. Metallica hawakujikuta kwenye mafanikio yale kwa bahati. Walimchukua Bob Rock awe prodyuza, mtu aliyekuwa ametoka kuitengeneza Dr. Feelgood, albamu ya bendi ya Mötley Crüe, na walimchukua kwa sababu walitaka sauti nene ya namna ile. Nyimbo zikafupishwa. Wimbo uliobeba jina la albamu ya 1988 unakaribia dakika 10. "Enter Sandman" ni dakika 5 na nusu. Rifu yake mpiga gitaa Kirk Hammett aliileta ikiwa na umbo jingine, na mpiga ngoma Lars Ulrich ndiye aliyeshauri kipande cha mwanzo kirudiwe mara tatu ndipo mkia wake uje mara ya nne. Tulikipiga kipande hicho tena na tena jioni ile. Wanaosema kimerahisishwa ili kinase sikio la mpita njia wanasema kweli. Kinanasa. Na albamu ikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza Marekani, ikaja kuuza nakala zaidi ya milioni 16 nchini humo peke yake.

Lakini nilimwomba mwanachama wetu mpiga gitaa atuchezee mwanzo wa "Nothing Else Matters", wimbo ambao wengi wanauchukia kuliko wote. Alicheza polepole tuone. Mkono wa kushoto haukugusa kitu. Nyuzi nne zilipigwa wazi, uzi mnene kwanza, kisha zile tatu nyembamba, kwa vidole vya mkono wa kulia tu. James Hetfield, mwimbaji wao, alizipata sauti hizo akiwa ameshika simu kwa mkono mmoja, akizungumza na mpenzi wake, na hakukusudia wimbo huo uwe wa bendi. Ulikuwa wake binafsi hadi Ulrich alipousikia. Uite wimbo laini, sawa. Uuchoke, sawa vilevile. Ila mtu aliyekaa peke yake na gitaa, hana nia ya kumchezea mtu yeyote, huyo alikuwa anamuuzia nani?

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na nauweka wazi ili anayetaka kuupinga aupinge. Kutaka kusikika na watu wengi hakutoshi kuitwa kuuza. Kubadilika hakutoshi. Kunyoa nywele, kama walivyofanya walipotoa albamu ya Load mwaka 1996, hakuhusu kabisa. Anayeuza ni yule anayepiga kitu asichokiamini kwa sababu mtu mwingine amemwambia ndicho kitalipa.

Na waliofanya hivyo wapo. Celtic Frost wa Uswisi walitoa To Mega Therion mwaka 1985, kazi nzito ambayo deth metali na blaki metali, matawi makali zaidi ya muziki huu, zimeinywa hadi leo. Mwaka 1988 wakatoa Cold Lake, nywele zimepulizwa, nyimbo zimelainishwa kufuata mtindo uliokuwa unalipa wakati ule. Tom G. Warrior, kiongozi wao, ameikana albamu hiyo hadharani kwa miaka mingi, na rekodi nyingine za bendi ziliporudishwa sokoni kwa mpangilio mpya mwaka 2017, hiyo iliachwa nje. Ukiisikiliza leo unasikia watu waliovaa nguo za wengine. Ndiyo maana nasema neno hili tulitunze kwa siku litakapohitajika. Tukimpaka kila mtu, halitakuwa na makali tena.

Wapeni nafasi pia Paradise Lost wa Uingereza. Mwaka 1991 walitoa Gothic, na sauti ya kunguruma ya mwimbaji wao Nick Holmes ikawa shule kwa bendi nyingi. Mwaka 1999 wakatoa Host, albamu ya vinanda vya umeme, karibu haina rifu nzito. Nakumbuka jinsi tulivyowasema. Tulisema wamenunuliwa na kampuni kubwa, na kwamba kampuni ikiwatupa watarudi wakilia. Bendi ilirudi kwenye uzito pole kwa pole, na mwaka 2015 kwenye The Plague Within ile sauti ya kunguruma ikasikika tena. Kisha mwaka 2023 Holmes na mpiga gitaa wao Greg Mackintosh wakatoa albamu ya muziki uleule wa vinanda, wakaupa mradi wao jina la Host. Miaka 24 imepita, shinikizo la kampuni halipo tena, mashabiki wengi hawautaki, nao wanaurudia kwa hiari yao. Tuliwasingizia. Walikuwa wanaupenda tangu mwanzo.

Opeth, bendi ya Uswidi, nitawataja kwa ufupi. Walipoacha kunguruma kwenye Heritage mwaka 2011 waliitwa wasaliti, ilhali walikuwa wakielekea kwenye roki ya miaka ya 70 isiyo na soko kubwa. Mngurumo umerudi mwaka 2024. Waliokwenda zao mwaka 2011 waliikosa safari nzima ya katikati.

Bado kuna jambo moja ambalo hizo jioni tano hazikuligusa, na kwa hilo nasimama na wanachama saba. Kabla ya albamu yoyote, Metallica walijulikana kwa kanda. Demo yao ya 1982, yaani kanda ya majaribio, No Life 'Til Leather, ilisafiri kwa mashabiki waliokuwa wakinakiliana kanda nyumbani na kutumiana kwa posta, nakala ya nakala, hadi sauti inachakaa. Mashabiki hao ndio waliowabeba. Mwaka 2000 bendi iliishtaki Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo mtandaoni, ikapeleka orodha ya watumiaji zaidi ya 300,000 ili wafungiwe. Najua hoja ya upande wa pili: wimbo wao ulivuja kabla haujakamilika, na kazi ya mtu ni mali yake. Kisheria sina la kubishana. Lakini mkongwe mmoja alisimama akatuonyesha kanda yake, ameandika majina ya nyimbo kwa kalamu na wino umefifia, akasema, "Mimi nilikuwa mmoja wa watu wa namna ile." Aliongea kwa upole kabisa. Jeraha lake halimo kwenye nota wala kwenye kasi ya ngoma, ni la mtu aliyedhani ni ndugu akaambiwa ni mteja. Tulipokuwa tukimbishia kuhusu dakika za nyimbo, hatukuwa tunamsikia.

Ninyi wakongwe, mlichopoteza kipo na kina uzito. Bendi mliyoijua ninyi wachache ikawa ya kila mtu, na hakuna albamu itakayowarudishia hilo. Nawaomba mliseme hivyohivyo, "nimempoteza mtu", badala ya kulitupa kwa mwanachama mpya aliyekuja na albamu nyeusi mkononi.

Hoja iliondolewa na wenyewe walioileta, mwishoni mwa jioni ya tano, bila kushinikizwa. Rekodi zote zinabaki. Kamati imepitisha utaratibu mmoja ambao naomba mkutano huu uuthibitishe: anayetaka kusema ndani ya kikao kwamba bendi imeuza, ataje wimbo, ataje mahali ndani ya wimbo, na aupige tuusikie kabla hajaendelea. Na anayemwambia mwenzake kwamba si shabiki wa kweli atatoka nje ya kikao. Hilo nitalisimamia mwenyewe.

Wanachama wanne hawakulipa ada tangu kikao cha tatu, akiwemo yule mwanachama mpya niliyemtaja. Wengine watatu nimewaandikia na sijapata jibu. Yeye amejibu kwamba atakuja kusikiliza mara moja, kisha ataamua.

Ratiba ya mwaka ujao inaanza na Load. Aliyeandika hoja ya wanachama saba ameomba aweke sindano yeye mwenyewe, na nimemkubalia.

Nawasilisha.

Mwenyekiti