Lile ni kasha, si jino

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, ila ile habari ya Esala Perahera, sherehe ya kila mwaka ya misafara ya tembo huko Kandy, Sri Lanka, imenishinda. Mliandika kwamba tembo "hubeba jino la Buddha mitaani". Habebi! Jino halitoki ndani ya Dalada Maligawa, hekalu linamohifadhiwa. Anachobeba ni karanduwa, kasha la dhahabu lenye umbo la kengele.

Halafu mkaiita "karnivali ya tembo". Kabla tembo hata mmoja hajaonekana barabarani, hukatwa vipande vya mfenesi mchanga ambao haujazaa, vikasimikwa katika mahekalu manne ya miungu: la Natha, la Vishnu, la Kataragama na la Pattini. Kwa siku tano msafara huzunguka ndani ya nyua za mahekalu hayo tu. Ndipo zije siku tano za misafara ya mitaani iitwayo Kumbal, kisha tano za ile iitwayo Randoli, yenye machela. Wenye mijeledi hutangulia, na msafara wa Maligawa huongoza ile minne ya miungu. Zamani haukuwamo: mfalme Kirti Sri Rajasinha ndiye aliyeutanguliza, baada ya watawa kutoka Siam (Thailand ya leo) kufika mwaka 1753 na kukuta sherehe ni ya miungu peke yake. Atakayevuruga mpangilio huo katika maelezo yake ameifuta historia nzima.

Picha nayo mliipa jina "fataki". Ile ni mbata! Huwashwa ndani ya kikapu cha chuma juu ya mpini mrefu, na kando yake hutembea mtu mwenye gunia akiongezea. Mbata isiyokauka hutoa moshi kuliko mwanga, na makaa yakidondoka hupitiwa na wachezaji walio peku. Mwandishi wa pwani yetu angeitambua kwa harufu tu.

Na si Kandy peke yake. Kila sherehe ya Asia mnaiandika "katika hekalu la kale", bila jina la hekalu wala la mji. Hekalu hilo lina jina.

Mwakani, kabla ya sherehe kuanza, chapeni safu moja yenye misafara mitano kwa mpangilio wake. Mpiga picha naye asiondoke baada ya Randoli ya mwisho. Aende Getambe, kwenye Mto Mahaweli, makuhani wanapokata maji kwa upanga na kujaza vyungu vitakavyotunzwa hadi mwaka unaofuata.

Msomaji wako,
Tanga