Orodha ya Dragon Ball inawachanganya wasomaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nisahihishe jambo lililojitokeza kwenye safu yenu ya burudani, ambako katuni za Kijapani za Dragon Ball zilipangwa kana kwamba ni tamthilia moja yenye misimu sita: Dragon Ball, Z, Kai, Super, GT na mwisho Daima. Anayefuata mpangilio huo atamwona shujaa wake, Goku, akikua, akifa, akifufuka, akigeuzwa mtoto, kisha akigeuzwa mtoto tena kwa sababu nyingine kabisa, na hatapata maelezo, kwa kuwa maelezo hayamo ndani ya hadithi bali yamo katika namna kazi hizi zilivyotengenezwa.

Chimbuko la yote ni manga, yaani hadithi ya michoro ya kusomwa, aliyoichora Akira Toriyama katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 1984 hadi 1995, sura 519 zilizokusanywa katika juzuu 42. Huko Japani juzuu zote hizo zina jina moja tu, Dragon Ball. Herufi Z iliongezwa na watengenezaji wa katuni za televisheni mwaka 1989, Goku alipokwisha kuwa baba, na baadaye toleo la Kiingereza likaigawa manga yenyewe mafungu mawili, juzuu 16 kwa jina la kwanza na 26 kwa jina la Z. Anayesema amemaliza Dragon Ball lakini hajaanza Z amekatishwa njiani na jalada, si na mwandishi.

Kai, iliyoanza kurushwa 2009, ni Z ileile iliyopunguzwa. Z ilirushwa wakati manga ikiendelea kutoka kila wiki, na studio ya Toei, isije ikampita mchoraji, ilijaza vipindi kwa matukio ya kubuni na kwa kurefusha mapigano. Ndiyo maana zile dakika tano ambazo Frieza, adui wa Goku, alisema zimebaki kabla ya sayari ya Namek kulipuka zilichukua vipindi kadhaa. Kai iliondoa sehemu kubwa ya nyongeza hizo. Kuiorodhesha baada ya Z ni kumtaka mtu aangalie jambo moja mara mbili, ingawa mgeni akiniuliza mimi, nitampa Kai na Z nitamwachia siku atakayokuwa na muda mwingi wa kupoteza.

Utata mkubwa uko kati ya GT na Super. Sura mbili za mwisho za manga ziliruka miaka kumi baada ya kushindwa kwa Majin Buu, adui wa mwisho wa manga hiyo, zikamwonyesha Goku akiondoka na mtoto aitwaye Uub ili akamfundishe. GT ya 1996 na 1997 inaanzia baada ya hapo, na haikutokana na manga: Toriyama alichangia baadhi ya michoro, lakini hadithi ni ya studio. Super ya 2015 ilijengwa juu ya muhtasari wa Toriyama mwenyewe, na matukio yake yanaingia ndani ya ile miaka kumi iliyorukwa. Ukihesabu umri wa wahusika, ni kweli GT inakuja nyuma ya Super, na nadhani hapo ndipo mwandishi wenu alipoteleza. Lakini walioiandika GT hawakumjua Beerus wala Zeno, miungu wa Super, maana walikuwa hawajabuniwa, kwa hiyo nguvu zote ambazo Goku na mshindani wake Vegeta walizipata katika Super hazimo. Katika kibanda kimoja cha kujazia filamu kwenye flashi nililiona folda lililoandikwa “Dragon Ball mpya”, ambamo baada ya kipindi cha 131, ambacho ndicho cha mwisho cha Super, kipindi cha kwanza cha GT kimepewa namba 132, na vikaendelea hivyo hadi 195. Si ajabu wateja wakauliza kwa nini picha zimechakaa ghafla na Goku amekuwa dhaifu.

Hata Super yenyewe ni mbili. Katuni ilikoma Machi 2018, wakati manga inayochorwa na Toyotarou katika jarida la V Jump ilisonga mbele hadi kwa wapinzani wapya, Moro na Granolah. Zote zilianza na muhtasari mmoja, lakini katuni ilisimulia upya filamu ya kurudi kwa Frieza, huku manga ikiiruka.

Wapo watakaosema basi tushike manga ya Toriyama na kuyaacha mengine. Nami nilielekea huko, ila Bardock, baba yake Goku, ananizuia. Huyo alipata hadithi yake katika filamu maalumu ya televisheni ya 1990, Toriyama akampenda, akamwingiza ndani ya manga. Kisha mwaka 2014 akamwandikia hadithi fupi ambayo hailingani na filamu ile. Broly, mpiganaji wa filamu, naye ni wawili: wa 1993, aliyemchukia Goku kwa sababu ya kilio cha Goku walipokuwa wachanga, na wa 2018, kijana mpole aliyeharibiwa na baba yake. Huyu wa pili ndiye aliyeandikwa na Toriyama.

Daima, iliyoanza Oktoba 2024, miezi michache baada ya Toriyama kufariki, ndiyo inayonitatiza zaidi. Inasimulia kipindi kifupi baada ya Buu, yaani kabla ya Beerus kuja, na ndani yake Goku anafikia umbo la nguvu la Super Saiyan 4, lililo juu ya Super Saiyan 3 na lililofanana na lile la GT. Iwapo alikuwa nalo, kwa nini alipopambana na Beerus mara ya kwanza aliishia kwenye Super Saiyan 3? Sijaona jibu linaloridhisha, na sioni sababu ya gazeti kujifanya linalo.

Ninachoomba ni kwamba orodha ijayo iweke mbele ya kila jina mwaka wa kutoka, ionyeshe kama ni manga, katuni au filamu, na imtaje aliyeandika hadithi yake. GT ipewe mstari wa peke yake, bila namba. Nawasihi pia msiwashauri wasomaji waiache, kwa sababu kipindi chake cha mwisho kina simanzi ambayo Super haijawahi kuifikia.

Msomaji wenu,
Morogoro