Shukrani kwa mama wa zafarani

Kwa niaba ya familia ya Kiswidi niliyoolewa, mimi mzaliwa wa Tanga, namshukuru kwa dhati mama aliyetusaidia Kariakoo tarehe 12 Desemba, ambaye kwa haraka zetu hatukumuuliza hata jina. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Lucia, ambapo watu wa Uswidi humpokea alfajiri binti aliyevaa gauni jeupe, mshipi mwekundu na taji la mishumaa, kisha wakala vimkate vya zafarani vyenye zabibu kavu. Nasi tulikuwa karibu kulipia kitu kilichotiwa rangi tukidhani ndiyo zafarani yenyewe.

Mama huyo alituvuta pembeni, akatupeleka kwake mtaa wa pili, akatia nyuzi chache katika maji ya uvuguvugu na kutuonyesha kwamba zafarani halisi hutoa rangi polepole, na nyuzi zake hubaki nyekundu. Kilichomshangaza yeye ni kumwona mume wangu na watoto wakivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alidhani nimewafunza mimi, kumbe ndivyo ilivyo desturi Uswidi (jambo ambalo, nilipofika huko mara ya kwanza, lilinipunguzia ugeni kuliko maneno yote ya kukaribishwa).

Alikataa fedha, akatufungia katika karatasi zafarani aliyoiweka kwa ajili ya biriani yake. Mama, vimkate viliumuka vizuri, fungu lako tumelihifadhi, na Jumamosi hii tutakuja kupiga hodi.