Sukari ya togwa iwekwe kwenye kikombe, siyo kwenye ndoo

Jumatatu asubuhi, kabla sijachuja hata sufuria ya kwanza, nilipigiwa simu na mteja mwenye uchungu mkubwa. Alichukua kwetu ndoo tatu za lita 20 za togwa, ule uji mwepesi wa kimea uliochachushwa, kwa shughuli ya mwanawe. Jumamosi mchana, wakwe wameshakaa, vifuniko vikaanza kuruka, povu likamwagika hadi kwenye mkeka. Shangazi mmoja akaonja, akaweka kikombe chini na kusema, "Hii ni pombe." Familia ile haigusi kileo. "Dada, umeniaibisha," aliniambia. "Nimelipia togwa, umenipa komoni."

Nilimpa pole kwanza, maana aibu ya shughuli haisahauliki upesi. Kisha nikamuuliza: ndoo ulizichukua siku gani? Alhamisi jioni, kwa sababu jirani alikuwa na gari, akaona aokoe nauli. Ukaongeza kitu? Akanyamaza kidogo, kisha akasema watoto waliiona kali, kwa hiyo kila ndoo aliitia kilo mbili za sukari. Zikakaa stoo, chini ya bati, kwenye joto hili la Morogoro, hadi Jumamosi.

Lalamiko la namna hii limetufikia mara tano tangu mwaka uanze, ndiyo maana leo naandika badala ya kuendelea kueleza kwa simu moja moja.

Shangazi hakukosea. Ile ilikuwa imeshaanza kuwa pombe, lakini haikutoka kwetu hivyo. Ndani ya togwa kuna wafanyakazi wa aina mbili. Wapo bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi, na ipo hamira ya asili inayokuja na kimea, yaani ulezi uliooteshwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hapa hapa Morogoro, walishaichunguza togwa na kuwakuta wote wawili, akiwemo bakteria aliyeitwa wakati huo Lactobacillus plantarum. Kazi yetu sisi ni kuhakikisha bakteria wanatangulia na kumaliza, halafu tunaipoza togwa ili hamira ilale. Ukiitoa kwenye ubaridi na kuimwagia sukari, umeiamsha hamira na kuiandalia karamu. Inakula sukari, inatoa kileo na hewa. Hewa ndiyo iliyorusha vifuniko.

Wateja wengi wanadhani ukali ni kasoro ya ladha ambayo tumeshindwa kuirekebisha. Ukali ndio mlinzi wa kinywaji chenyewe. Uji mtamu uliopoa ukiachwa mezani usiku kucha ni shamba la vijidudu vya kuharisha. Uji uliochachuka vizuri unavikatalia. Ndiyo maana bibi yangu kule Songea aliweza kuacha mtungi wa togwa asubuhi, akaenda shamba, na wajukuu tukanywa mchana kutwa bila mtu kuumwa tumbo. Hakuwa na friji. Alikuwa na uchachu.

Hapa tunapima kwa karatasi za tindikali: namba ikishuka, uchachu umepanda. Togwa haitoki mpaka karatasi ionyeshe chini ya 4. Masika iliyopita ulezi wetu mmoja uliota vibaya kwa unyevu, na togwa tuliyoupikia ilipolala hadi asubuhi, karatasi ikagoma kwenye 5. Lita 80 tulizimwaga. Hakuna mteja aliyejua, na hakuna aliyelipia, lakini hasara kama ile imo ndani ya bei mnayoilalamikia.

Niiseme bei basi. Lita moja shilingi 2,500, na najua barabarani kikombe ni 500. Gharama yetu inaanza kwenye kimea. Ulezi unapetwa na kuoshwa, unalowekwa usiku na mchana, unachujwa na kufunikwa kwenye gunia bichi. Siku ya tatu ukifunua, mkono unakutana na joto kama la mwili wa mtoto aliyetoka kulala, na punje zimeshikana kwa vimizizi vyeupe kiasi kwamba unanyanyua kipande kizima kama kitambaa. Harufu yake ni ya tango lililokatwa sasa hivi. Ukichelewa nusu siku, inageuka harufu ya nyasi zilizooza, na hapo hakuna kimea tena. Kikiwa sawa tunakianika mpaka kikauke, ndipo kinasagwa. Yote hayo ni kabla hatujabandika sufuria jikoni.

Kuna mteja alinunua pakiti zetu za kimea akajitengenezee nyumbani, akarudi nazo: "Kimea chenu kimekufa, uji wangu umebaki mzito kama ugali." Nikamwambia tupike pamoja. Uji ulipotokota tu, akataka kumimina kimea. Nikamshika mkono. Kimea kinafanya kazi kwa vimeng'enya, vile vinavyovunja wanga wa uji, na uji unaochemka unaviua palepale. Tukasubiri hadi kipimajoto kikasoma 60, tukatia, tukakoroga. Baada ya dakika chache mwiko ukawa mwepesi mkononi mwake na uji ukatiririka. Alicheka kwa furaha, mama wa watu. Uji ulikuwa na unga uleule, hatukuongeza hata tone la maji. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo hilo ni jambo kubwa: kikombe kilekile kinabeba unga mwingi zaidi, na bado anakinywa bila kukabwa. Ukipoa hadi 35 hivi, ndipo tunatia chachu, yaani togwa iliyoiva ya jana. Usiiruke hatua hiyo. Kimea hakijapikwa, na kina vijidudu vyake vya shambani. Chachu ya jana inawahi kuleta uchachu kabla vile havijapata nafasi ya kuzaana.

Mwingine aliniuliza kwa nini tusioteshe mtama, ambao ni rahisi kuliko ulezi. Mtama ukiota, kichipukizi chake hubeba sumu ya sianidi. Wenye kuujua huondoa vichipukizi na mizizi kabla ya kusaga. Mimi nawauzia watu wenye watoto wachanga, kwa hiyo nimeamua kubaki na ulezi, na tofauti ya bei nailipa.

Na mahindi yaliyoingia ukungu msiniletee mkiomba bei ya kupikiwa. Wapo wanaosema uchachu utasafisha. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa, na uchachu hauwezi kuimaliza. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara ilichukua roho za watu kupitia mahindi ya nyumbani kabisa. Bakteria wetu ni wachapakazi, lakini hilo msiwatwishe.

Kuna pia wanaouza uji uliotiwa unga wa ndimu ukawa mkali ndani ya saa moja, wakauita togwa. Hilo linaniuma. Ulimi utadanganyika, kwa sababu ukali upo. Lakini hakuna kilichochachuka mle. Ile ladha iliyojaa, yenye utamu wa kimea nyuma ya uchachu, huipati kwa kijiko cha unga, na bakteria uliodhani unawanunua hawamo.

Njia ya mkato ya mwisho, na ndiyo inayonitia hofu kuliko ya sukari, ni maji. Mtu ananunua ndoo mbili, anazifanya tatu kwa maji ya bomba ambayo hayajachemshwa, ili wageni watoshe. Ladha inapooza, na vijidudu vilivyo kwenye maji yale vinaingia kwenye kinywaji ambacho watu watakinywa muda huohuo. Uchachu hauui kila kitu mara moja, unahitaji saa nyingi. Mteja mmoja alifanya hivyo kwenye ubarikio, na wageni kadhaa wakaharisha. Lawama ikaja kwetu hadi mpwa wake alipotaja lile bomba. Kama fedha haitoshi, niambie mapema. Nitakupikia nyepesi tangu mwanzo, kwa maji yaliyochemka, kwa bei ndogo.

Yule mteja wa Jumatatu alitaka nimrudishie fedha zote. Sikurudisha, lakini nimemtengea ndoo moja ya bure kwa maulidi ya nyumbani kwake, nami nitaipeleka mwenyewe asubuhi ya siku hiyo, ikiwa baridi. Sukari ataiweka mezani kwenye bakuli, kila mtu ajitilie kikombeni kwake.

Tangu sasa ndoo za shughuli zinatoka siku ya shughuli tu, na usafiri ndani ya mji ni juu yetu. Kwa asiye na friji, togwa inywewe siku hiyohiyo. Oda ya Jumamosi tuipate kabla ya Jumapili inayotangulia, maana ulezi unalowekwa siku hiyo jioni.