Ringi haikuwa fupi

Webuye,
Jumapili jioni

Nambari Tisa, ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mahindi tumeyapalilia mara ya pili na mvua haijatunyima. Mama nilikutana naye sokoni Ijumaa. Anatembea vizuri na ile fimbo uliyomletea, na ameniagiza nikwambie kwamba kupiga simu si kuja. Nimefikisha.

Sasa nikupe habari za uwanja wetu wa mpira wa kikapu, maana wiki nzima sijalala vizuri kwa ajili yake.

Unamkumbuka yule fundi wa kiwanda cha karatasi aliyetuchomelea nguzo jioni, akitoka zamu? Majuzi niliazima tepu kwa seremala nikapima kutoka ukingo wa ringi hadi chini. Mita 2.88. Kanuni inataka 3.05. Nikapima tena, na tena. Nilikaa chini pale pale. Nikakumbuka mechi zote za ugenini, Kisumu, Kakamega, Eldoret, mipira yetu ikigonga mdomo wa mbele wa ringi na kurudi, na kocha akituambia ni woga. Haukuwa woga! Mikono yetu ilizoea kimo kingine. Nikamlaumu fundi moyoni, na mtu mwenyewe tulishamzika.

Basi jana vijana wakaja na sululu na majembe tutengeneze mtaro wa maji. Mmoja akachimba karibu na nguzo, chuma kikagonga zege. Tukafukua polepole kwa mikono. Ndugu yangu, ile sakafu ya kwanza ipo, na kipande cha mstari mweupe hakijafutika. Juu yake kuna kifusi tulichokimwaga sisi wenyewe kwa mkokoteni mwaka ule maji yalipotuama, halafu changarawe, halafu saruji nyembamba ya juzi juzi. Nikashusha tepu shimoni: sentimita 17. Jumlisha mwenyewe. Mzee alipima sawasawa. Sisi ndio tuliopandisha ardhi.

Vijana wakataka kujua alikuwa nani, na hapo nikajikuta nasimulia mji mzima. Hawakujua kwamba Wazungu waliuita Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko yetu ya Nabuyole kwenye Nzoia. Kilima cha Chetambe wanakipanda mbio kila asubuhi kama tulivyokuwa tukifanya, lakini vita vya 1895 na Waingereza wamevisikia darasani tu, kana kwamba vilipiganwa nchi nyingine. Nikawaambia kiwanda kilipoanza kutoa karatasi mwaka 1974 watu walimiminika hapa kutoka kila upande, na timu yetu ilikuwa mtoto wa zamu: mazoezi tulipanga kwa kuangalia nani anaingia usiku. Kilipofungwa 2009, ndani ya miezi michache jezi zilizobaki na wenyewe zilikuwa nne. Wewe ulipanda basi la Nairobi alfajiri, nikakubebea begi hadi barabarani. Hilo sikuwasimulia.

Kuna wanaosema turefushe nguzo kwa kipande cha bomba, kazi iishe kwa siku moja. Nimekataa. Nguzo ya mzee haiguswi, tutaondoa udongo. Tumeshafika mstari wa mitupo huru upande wa reli. Kuna binti wa kidato cha pili, mwembamba, hasemi sana. Alishuka kwenye ile sakafu ya zamani akatupa, ukaanguka mfupi. Wa pili, mfupi. Akakunja magoti zaidi, akanyoosha mkono juu kabisa, ukapita katikati bila kugusa chuma. Nyavu hatuna, lakini wote tulisikia.

Jezi yako ninayo, nimeifua. Upande wa barabara hatujaugusa bado, na Desemba ardhi itakuwa laini kidogo. Njoo na viatu vya kazi.

Wako,
Nambari Saba