Vifo vya ghafla vya watoto wachanga: tuelezwe na wauguzi, si na WhatsApp

Mhariri,

Mtoto mchanga akikutwa amefariki usingizini, hapa Wete hukumu hutoka kabla ya hitma: mama kamlalia, au kijicho cha watu. Siku hizi sauti za WhatsApp zimeongeza lao, kwamba chanjo ndiyo iliyoua. Hili linanikera zaidi. Chanjo nyingi za mwanzo hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, na vifo hivi hutokea zaidi kati ya miezi 2 na 4, basi watu huunganisha. Watafiti wamelichunguza hilo na hawakuona kwamba chanjo ndiyo sababu.

Wapo watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaofariki ghafla na hata uchunguzi wa maiti usionyeshe kitu. Kinga kamili haipo, ila hatari hupungua. Mtoto alazwe chali, mchana na usiku, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto. Mabibi huogopa atapaliwa akicheua. Mtoto mzima wa afya akilala chali hilo si la kuogopa. Marekani walianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1994, na vifo hivi vikapungua kwa zaidi ya nusu. Asivutiwe sigara, asifunikwe mazito kwa joto letu hili, na anyonyeshwe.

Naomba wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wayaseme haya kabla mama hajajifungua, na baba na bibi wawepo. Gazeti lako nalo limpe daktari wa watoto nafasi ya kujibu maswali ya wasomaji.

Mama wa watoto watatu,
Wete, Pemba